Wingi wa biashara mpya si kipimo tosha cha uchumi

Kila mara serikali inapotaka kuuthibitishia umma kwamba uchumi unanawiri, hutanguliza takwimu moja ambayo ni rahisi kuikokotoa na tamu kuisikia: idadi ya biashara mpya zilizosajiliwa. Tunaambiwa kuwa kampuni maelfu kadhaa zimeandikishwa, kwamba idadi hiyo imepita ya mwaka uliotangulia, na kwamba kwa hivyo wananchi wana imani na nchi yao. Magazeti huinukuu takwimu hiyo, wanasiasa huibeba hadi majukwaani, na walimu wa somo la Biashara huifikisha darasani. Ni nadra mtu kuuliza swali moja jepesi: kinachohesabiwa hapa hasa ni nini?

Huenda msomaji akashangaa mwanaisimu anatafuta nini katika maduka ya watu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchunguza uhusiano baina ya jina na kile kinachotajwa kwa jina hilo; na usajili wa biashara, ukiutazama kwa makini, ni suala la majina. Katika kamusi zetu limo neno "zimwi". Lina maana, lina ngeli, lina na wingi wake. Hata hivyo, hakuna msitu wowote, kuanzia Kakamega hadi Arabuko-Sokoke, ambamo utamkuta zimwi. Kuwamo kwa jina katika orodha si ushahidi wa kuwepo kwa kitu. Kinyume chake ni kweli pia, kwani viko vitu chungu nzima ambavyo watu huvitumia na kuvitaja kila siku kabla ya kamusi yoyote kuvipa nafasi. Anayetaka kujua afya ya lugha hahesabu vidahizo vya kamusi, bali huenda sokoni akawasikiliza watu. Nadai kuwa uchumi nao wataka kupimwa kwa tahadhari iyo hiyo.

Kwanza tuitendee haki takwimu yenyewe, maana haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1942 mwanauchumi Joseph Schumpeter alieleza kwamba ubepari hujiendeleza kwa kubomoa na kujenga: kampuni mpya huja na bidhaa mpya au mbinu mpya, zikazisukuma kando zile kongwe zilizolala. Mwaka 1979 Mmarekani David Birch alitoa utafiti uliodai kuwa kampuni ndogo ndizo zinazozaa sehemu kubwa ya ajira mpya, na tangu hapo wanasiasa wa kila mrengo wamekuwa wakiziimbia sifa biashara ndogo. Mwaka 2013 John Haltiwanger na wenzake wawili waliichambua upya kauli hiyo. Walionyesha kwamba siri haimo katika udogo bali katika uchanga. Ukizilinganisha kampuni za rika moja, udogo hauzipi uwezo wowote wa pekee wa kuajiri. Ni zile changa zinazoongeza kazi. Lakini waliongeza jambo ambalo hupotea njiani kila hotuba inapoandikwa: kampuni changa ndizo pia zinazokufa kwa wingi. Zinazosalia hukua upesi, nyingine huzikwa upesi. Huko Marekani, takriban nusu ya biashara mpya huwa zimefungwa kabla ya kutimiza miaka mitano au sita.

Kwa sababu hiyo Wamarekani hawakomei kwenye kuhesabu vizazi. Ofisi yao ya Sensa hutoa takwimu za maombi ya kuanzisha biashara kwa nchi nzima na kwa kila jimbo, ikitegemea nambari za utambulisho zinazoombwa kutoka kwa idara ya ushuru. Mwaka 2020 maombi yalifika takriban milioni 4.4, na mwaka 2021 yakapanda hadi milioni 5.4. Mtu angeweza kushangilia na kulala. Lakini ofisi hiyo hiyo huyatenga maombi yenye dalili za kuzaa ajira na yale ambayo huenda yasizae chochote, kisha hufuatilia ni biashara ngapi zilizoanza kulipa mishahara katika kipindi cha hadi miaka miwili baadaye. Sehemu kubwa ya maombi hayo haifiki huko. Ombi ni nia. Mshahara wa kwanza ndio tendo.

Hata hivyo, ndani ya Marekani kwenyewe kuna funzo la jinsi daftari linavyoweza kuutenga uchumi na ardhi yake. Jimbo la Delaware, lililo mashariki mwa nchi hiyo, lina wakazi takriban milioni moja tu, ilhali daftari lake la usajili lina kampuni na mashirika zaidi ya milioni mbili. Mjini Wilmington, katika jengo moja la matofali lisilo hata na orofa ya pili, lililoko 1209 North Orange Street, imeripotiwa kuwa kampuni zipatazo 285,000 zimewahi kuwa na anwani yake kisheria. Hakuna mwendawazimu atakayesema kuwa kampuni hizo zote zinafanya kazi humo ndani. Zilivutiwa na sheria za Delaware, mahakama yake maalumu ya mizozo ya kampuni, na wepesi wa kuandikishwa. Jimbo lenyewe hufaidika kwa ada, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini viwanda, mabohari na wafanyakazi wako kwingineko. Anayepima uchumi wa Delaware kwa wingi wa majina yaliyomo daftarini anapima wino, hapimi jasho.

Tugeukie sasa kwetu Kenya. Kwa miongo mingi, anayetaka kuandikisha kampuni alilazimika kupanga foleni katika jumba la Sheria jijini Nairobi, kumlipa wakili, na kurudi mara kadhaa kufuata faili iliyopotea. Sheria ya Kampuni ya mwaka 1962 ilikuwa imerithiwa kutoka kwa mkoloni pamoja na urasimu wake. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Kampuni na nyingine iliyounda shirika la kushughulikia usajili wa biashara. Leo kijana aliye Lodwar au Lamu anaweza kuandikisha jina la biashara kwa simu yake, bila kupanda basi. Hayo ni maendeleo, na anayeyabeza hana haki. Lakini kanuni ya soko inatufunza kuwa bei ya kitu ikishuka, watu hukichukua kwa wingi. Tulipopunguza gharama ya kulipata jina, majina yaliongezeka. Swali linabaki pale pale: je, na vitu viliongezeka?

Naona mapengo manne baina ya daftari na uchumi, na ningependa tuyapitie moja baada ya jingine.

Pengo la kwanza ni la mazimwi: kampuni zilizomo daftarini lakini hazimo duniani. Historia yetu haina upungufu wa mifano. Katika miaka ya mwanzo ya tisini, kampuni ya Goldenberg International ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa kuuza dhahabu na almasi ng'ambo. Karatasi zilikuwa kamili, muhuri ulikuwepo, jina lilikuwa limesajiliwa. Kilichokosekana ni dhahabu na almasi zenyewe, kwa sababu Kenya ilikuwa na dhahabu haba na haikuwa na migodi ya almasi. Mabilioni ya shilingi yaliondoka katika hazina ya taifa, na bei za vitu zikampanda mwananchi wa kawaida. Mwaka 2020, janga la Korona lilipokuwa likiendelea, uchunguzi wa ununuzi wa vifaa vya matibabu katika mamlaka ya KEMSA ulidhihirisha kuwa baadhi ya kampuni zilizopewa zabuni nono zilikuwa zimesajiliwa miezi michache tu kabla. Katika takwimu za mwaka huo, kampuni hizo zilihesabiwa sawasawa na karakana ya seremala aliyeajiri vijana wanne kule Kisumu.

Zipo pia kampuni zisizo za ulaghai ambazo hata hivyo hubaki majina matupu. Tangu mwaka 2013 serikali imeweka utaratibu wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni zake. Nia ni njema. Lakini ili uombe zabuni sharti uwe na kampuni au jina la biashara, na kwa hivyo vijana wengi huandikisha jina kwanza, wakakaa kungojea zabuni isiyofika. Mwanauchumi William Baumol aliandika mwaka 1990 kwamba katika kila jamii wapo watu wenye akili ya kuanzisha mambo, na kinachotofautiana ni mahali ambapo sheria na desturi huielekeza akili hiyo: kwenye uzalishaji, kwenye kugombea kilichokwisha kuzalishwa, au hata kwenye uharibifu. Daftari haliwezi kutuambia akili ya vijana wetu imeelekezwa wapi. Huonyesha tu kwamba wamejiandikisha.

Pengo la pili ni kinyume cha la kwanza: biashara ambazo zimo duniani lakini hazimo daftarini. Chukua mfano wa matatu. Inasemekana jina lenyewe limetokana na nauli ya mapeni matatu ya senti kumi kumi. Magari hayo yalikuwa yakiwabeba watu wa Nairobi na viunga vyake tangu miaka ya sitini, yakiwindwa na polisi kwa kukosa leseni. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya bodi ya uchukuzi. Ilichukua hadi mwaka 1984 kwa sheria ya trafiki kulitambua neno "matatu" na kulipa fasili. Fikiria, msomaji: zaidi ya miaka kumi biashara iliyokuwa ikiwapeleka Wakenya kazini kila asubuhi haikuwa na jina katika sheria, ingawa kila mtoto alilijua. Neno liliishi midomoni kwanza, likafika kitabuni baadaye. Biashara nayo ilifuata njia iyo hiyo.

Ni hapa Kenya ambapo ulimwengu ulijifunza kuliona jambo hili. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliokuja nchini ukatoa ripoti yake mwaka 1972, ndio ulioeneza istilahi ya "sekta isiyo rasmi", uliposema kuwa mafundi na wachuuzi waliofukuzwa na askari wa baraza la jiji hawakuwa wazururaji bali wazalishaji. Sisi tulikuwa na neno letu lililo bora zaidi, "jua kali", kwa kuwa linamtaja mtu na mazingira yake: afuaye bati bila paa. Naam, nusu karne baadaye picha haijabadilika sana. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa biashara ndogo na za wastani zenye leseni zilikuwa takriban milioni 1.56, ilhali zisizo na leseni zilikuwa takriban milioni 5.85. Maana yake ni kwamba kwa kila biashara moja yenye leseni, kulikuwa na karibu nne zisizo nayo. Anayepima uchumi wetu kwa daftari peke yake ni kama daktari anayempima mgonjwa kidole kimoja akatangaza hali ya mwili mzima.

Pengo la tatu ni la vifo. Utafiti huo huo wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika kipindi cha miaka mitano iliyotangulia. Tukigawanya, tunapata takriban 440,000 kila mwaka, yaani zaidi ya 1,200 kila siku ipitayo. Sababu iliyotajwa zaidi ni ukosefu wa fedha za kuendeshea shughuli. Hiyo si idadi ya kupuuzwa. Nyuma ya kila mlango uliofungwa kuna akiba ya mama, mkopo wa chama, au shamba lililouzwa. Lakini ni lini msomaji alisikia idadi ya biashara zilizokufa ikitangazwa kwa mbwembwe zile zile za zilizozaliwa? Kuzaliwa kwa biashara huandikwa siku hiyo hiyo. Kifo chake mara nyingi hakiandikwi kabisa, kwa kuwa aliyefilisika hana haja wala nauli ya kwenda kumwarifu msajili. Wahenga walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Taifa linalohesabu mimba na kufumbia macho makaburi haliwezi kujua watoto wake ni wangapi.

Pengo la nne ndilo gumu zaidi kulieleza, na ndilo linalowagusa zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Ni biashara ambayo imesajiliwa, ipo, haijafa, na hata hivyo haijaongeza chochote katika uchumi. Nje ya lango la chuo ninakofundisha pana ujia mwembamba wa vibanda vya kutoa nakala na kuchapisha kazi za wanafunzi. Nilipoanza kufundisha hapo vilikuwa vitatu. Leo ni kumi na kimoja. Katika daftari la kaunti hizo ni leseni nane za ziada, na mwenye kupenda takwimu atasema biashara zimekua karibu mara nne. Lakini wanafunzi hawakuongezeka mara nne, wala kurasa zinazochapishwa. Kilichotokea ni kwamba mkate ule ule umekatwa vipande vyembamba zaidi, na kila mwenye kibanda anarudi nyumbani na kidogo kuliko waliomtangulia. Mmoja wa vijana hao nilimfundisha fonolojia. Ana shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia, na alama nzuri. Nilipompongeza kwa kujiajiri, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, hii si biashara, ni mahali pa kusubiria."

Wataalamu wanaolinganisha nchi kwa moyo wa kuanzisha biashara wamekuwa kwa muda mrefu wakitofautisha anayeanzisha kwa kuona fursa na anayeanzisha kwa kukosa jingine la kufanya. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa maana jirani zetu wa Uganda wametokea zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2003 na 2012, miongoni mwa nchi zenye sehemu kubwa mno ya watu wazima walio mbioni kuanzisha au kuendesha biashara changa. Nchi tajiri za Ulaya ziliachwa mbali. Hakuna aliyehitimisha kutokana na hilo kwamba Kampala ni tajiri kuliko Paris. Panapokuwa na kazi za mishahara, watu wengi huzichukua; zinapokosekana, kila mtu hugeuka mfanyabiashara. Kwa hivyo takwimu hii hupanda wakati wa neema na hupanda pia wakati wa dhiki. Kipimajoto kinachoonyesha nyuzi zile zile kwa mwenye afya na kwa mwenye homa hakiwezi kutumiwa peke yake.

Kuna atakayesema kuwa haya ni malalamiko ya wasomi, na kwamba takwimu isiyo kamili haimdhuru mtu. La hasha. Takwimu hudhuru pindi inapogeuka kuwa lengo. Mwaka 1975 mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart aliona kwamba kipimo kikishafanywa shabaha ya sera, huacha kuwa kipimo cha kutegemewa. Sisi tumeyaona hayo. Kwa miaka kadhaa serikali nyingi za dunia zilishindana kupanda ngazi katika ripoti ya Benki ya Dunia iliyokuwa ikizipanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara. Kenya ilipanda kutoka nafasi ya 108 katika ripoti ya mwaka 2016 hadi nafasi ya 56 katika ripoti ya mwaka 2020, na sherehe zikafanywa. Mnamo Septemba 2021 Benki yenyewe iliisitisha ripoti hiyo baada ya kugundua kwamba takwimu za baadhi ya nchi nyingine zilikuwa zimechezewa. Lakini hata tukichukulia kuwa takwimu zetu zilikuwa safi, tujiulize nini kilikuwa kikitendeka madukani wakati tulipokuwa tukipanda ngazi. Nakumatt, duka kuu lililokuwa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, liliporomoka kuanzia mwaka 2017, na mwezi Januari 2020 wadai wake wakaamua livunjwe. Uchumi na Tuskys nayo yalikuwa yakiyumba. Waliopoteza hawakuwa wenye maduka tu. Wapo wauza mayai, wakulima wa mboga na wenye viwanda vidogo vya sabuni waliokuwa wamewauzia kwa mkopo na hawakulipwa. Ngazi ilipima wepesi wa kuingia mlangoni. Haikupima kama aliyeingia atalipwa.

Na mdeni mkubwa wa wafanyabiashara wadogo si duka kuu bali ni serikali yenyewe, ya kitaifa na za kaunti. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuhakiki malimbikizo ya madeni ya wakandarasi na wauzaji bidhaa yaliyorundikana tangu mwaka 2005. Ni kinaya kilichoje kwamba mkono mmoja wa serikali unamhimiza kijana aandikishe kampuni, na mkono wa pili unamnyima malipo ya kazi aliyoifanya kwa mkopo wa benki! Kijana huyo akifunga kampuni, haingii katika takwimu yoyote. Mwenzake akifungua nyingine, anahesabiwa. Hesabu inapanda, vijana wanazama.

Hapa ndipo penye kiini cha wasiwasi wangu, nami nawaelekea hasa walimu wenzangu na wanafunzi. Kwa miaka mingi sasa tumewahubiria wahitimu wetu injili moja: msitafute kazi, ziundeni. Ni kauli yenye ukweli ndani yake, na wapo walioisikiliza wakafanikiwa. Lakini imegeuka kuwa njia ya wenye dhamana kujivua mzigo. Kwa mujibu wa Ripoti ya Uchumi ya mwaka 2025, ajira mpya zilizopatikana nchini mwaka 2024 zilikuwa takriban 782,000. Kati ya hizo takriban 704,000, yaani asilimia 90, zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Wengi katika hao ni wenye vibanda, waendeshaji bodaboda, mama mboga na mafundi wasio na bima wala malipo ya uzeeni. Sisemi kazi hizo ni duni. Ndizo zilizotulisha na kutusomesha wengi wetu. Nasema kwamba tukiziita zote "biashara mpya" kwa pumzi moja, tunalitumia neno kuficha jambo. Isimu inalifahamu vyema tatizo hili: neno lililopanuliwa maana hadi likabeba kila kitu huishia kutotaja chochote.

Mwanafunzi anayeaminishwa kwamba biashara ni rahisi kama kujaza fomu kwenye simu, kisha biashara ikamfia mikononi mwezi wa nane, atajilaumu mwenyewe. Atadhani amekosa bidii au akili. Hatajua kwamba mamia ya wenzake siku iyo hiyo wamefunga, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu. Huo ndio uovu wa kipimo kibaya: huyafanya matatizo ya taifa yaonekane kuwa aibu ya mtu mmoja mmoja.

Tufanyeje basi? Siombi takwimu ya usajili itupwe. Naomba isitembee peke yake. Kila idadi ya biashara zilizozaliwa inapotangazwa, itangazwe pamoja na idadi ya zilizofungwa. Tuambiwe kati ya zilizosajiliwa miaka mitatu iliyopita, ni ngapi zingali hai. Tuambiwe ni ngapi zimemwajiri walau mtu mmoja zaidi ya mwenyewe, na katika kaunti gani. Habari hizi si za kubuniwa upya. Kampuni hutakiwa kisheria kuwasilisha taarifa kila mwaka kwa msajili. Kaunti hutoa leseni ambazo sharti zihuishwe kila mwaka. Idara ya ushuru inajua nani anakatwa kodi ya mshahara. Madaftari yapo, ila hayazungumzi baina yao. Kuyazungumzisha si jambo la mabilioni bali la nia.

Na tusiwasubiri wakubwa. Mwalimu wa Biashara, wa Jiografia au wa Hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi lisilo na gharama yoyote. Wachague barabara moja ya mji au soko lililo karibu na shule. Mwezi wa kwanza wa mwaka, waorodheshe kila biashara iliyopo: aina yake, umri wake, na idadi ya wafanyakazi. Mwaka ufuatao darasa jingine lipite mle mle na orodha ile ile mkononi. Waangalie ipi ipo, ipi imefungwa, ipi imeongeza mfanyakazi, na ipi imebadilisha jina tu. Waliofunga, wakikubali, waulizwe sababu. Baada ya miaka mitano shule hiyo itakuwa na elimu juu ya uchumi wa mtaa wake ambayo haimo katika hotuba yoyote.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema waliotutangulia. Hawakuwa na maana ya daftari la majina. Daftari walilolisema lina kurasa mbili zinazotazamana: ya kilichoingia na ya kilichotoka. Letu la taifa lina ukurasa mmoja tu, na ni wakati wa kudai wa pili.